Nyuki Waliambiwa Mapema

Siku ile mjinga alikuwa Silas Pargeter. Tuseme mapema, msomaji asije akajisumbua kumtafuta miongoni mwa wengine. Wajinga wengine walikuwepo, lakini wao walikuwa wajinga wa kawaida wa kijijini, wasio na cheo. Silas alikuwa sajini wa polisi, mwenye vifungo vya shaba vinavyong'aa na masharubu yaliyochanwa kwa maji, na ujinga ukishavaa vifungo vya shaba hufika mbali kuliko ujinga wa miguu mitupu.

Na ilikuwa Jumapili njema, hilo ndilo linalouma. Ilikuwa Jumapili ya pili, kati ya tatu, ya tangazo la ndoa yake. Katika kanisa la Sallow kasisi alikohoa, akasoma kwa sauti ile ile anayosomea ilani ya ng'ombe waliopotea: Silas Pargeter, mgane, anataka kumwoa Keziah Orchard, ambaye hajapata kuolewa, wote wa parokia hii, mwenye kujua pingamizi na aseme. Watu wakageuza shingo kama bata walioona mkate. Silas akavuta pumzi, kifua kikajaa mpaka kifungo kimoja kikalalamika. Akageuka amtupie jicho mchumba wake.

Mahali pa Keziah palikuwa patupu. Alikuwa ametoka wakati watu wanasimama kuimba.

"Aibu ya furaha hiyo," Silas akajiambia, akaimba kwa nguvu zaidi.

Keziah alikuwa msimamizi wa nyumba ya Mzee Ambrose Thackwell, ile nyumba ya mawe iliyo chini ya kanisa, yenye bustani ya matufaha na mizinga ya nyuki kando ya ua. Aliingia humo akiwa msichana wa kufua, akapanda cheo mpaka akashika funguo zote. Mzee alikuwa hana mke wala mtoto tena. Alibaki na jongo miguuni, kiko mdomoni, na ulimi uliozoea kuamuru. Mtu wa tatu wa nyumba ile alikuwa mpishi, Bi. Hepzibah Crouch, mwanamke mnene aliyeweza kukukaanga kwa maneno bila mafuta.

Ibada ilipokwisha, Silas alikuta watu wamejikusanya nje ya lango la kanisa, wala hawakuwa wakizungumzia harusi.

"Umeiona mizinga ya Thackwell, Sajini?" aliuliza Hobday, mfua chuma.

"Mimi nimekuja kwa njia ya juu. Ina nini?"

"Imevaa msiba. Yote, mmoja mmoja, kitambaa cheusi. Nilipopita asubuhi nikasema, haya, mzee kaaga dunia. Nikavua kofia kabisa, nikaanza na sala. Kuinua macho, mzee huyo hapo dirishani, kiko mdomoni, ananipungia mkono!" Watu wakacheka. "Sala yangu nzuri imekwenda bure, na mimi sina nyingi."

Silas naye alicheka. Huko hakuna asiyejua kwamba nyuki ni watu wa nyumba. Mtoto akizaliwa huambiwa. Mtu akioa huambiwa, wakawekewa na kipande cha keki. Na mtu wa nyumba akifa, lazima mmoja achukue ufunguo wa mlango mkubwa, agonge kila mzinga taratibu, awanong'oneze jina la marehemu, kisha afunge kitambaa cheusi. Usipowaambia, watanuna, watahama, au watakufa humo humo ndani. Lakini huambiwa msiba wa nyumba yao tu. Wa jirani hauwahusu. Mtu hawasumbui nyuki kwa msiba wa jirani.

"Nani kawafunga?" Silas aliuliza.

"Mwenye funguo ni nani?" alijibu mtu. "Muulize mkeo mtarajiwa."

Kabla kicheko hakijaisha, Bi. Crouch alionekana akipanda kilima, kofia imemwangukia mgongoni, mikono inapunga hewa. Yeye alikuwa ametangulia kutoka kanisani awahi nyama iliyokuwa jikoni.

"Kafa!" alikuwa akilia. "Mzee kafa! Yuko chini ya ngazi, kichwa kimepasuka!"

Hakuna aliyecheka tena.

Mzee Thackwell alikuwa amelala chini ya ngazi kubwa, shavu kwenye jiwe la sakafu, mguu mmoja bado uko kwenye ngazi ya mwisho kana kwamba ulikuwa haujapata habari. Mlango wa mbele haukuvunjwa. Hakuna kilichoibwa. Katika ngumi yake ya kulia kulikuwa na kitambaa cheusi, kirefu, chembamba, kimekazwa hivi kwamba Silas alilazimika kufungua vidole kimoja kimoja. Kitambaa kilinukia kafuri. Silas aliisikia ile harufu vizuri kabisa, ikampanda puani, akapiga chafya. Kisha akakikunja kitambaa, akakitia mfukoni, na kafuri akaisahau.

"Alikuwaje asubuhi?" alimuuliza mpishi.

"Mbishi, kama kila siku. Nimempelekea chai na uji. Akatazama bustanini, akaniuliza, 'Hepzibah, nani kafa?' Nikamwambia hajafa mtu, labda uji wako unaopoa. Akauliza tena, 'Kezia amelia?' Nikasema kulia na kutolia kwake hakunihusu, mimi ni mpishi. Basi akarudi kutazama bustanini. Kiko kikamzimikia, asikiwashe."

"Aliogopa," alisema Silas.

"Kama ni woga sijui. Mzee yule hata radi alikuwa akiikemea."

Silas alitoka akaiendea mizinga. Kweli, kila mmoja ulikuwa na kitambaa cheusi shingoni. Akavitazama, akatoa mfukoni kile cha marehemu, akakiweka kando yake. Nyeusi na nyeusi. Hapo ndipo akili yake, ambayo siku zote ilikwenda kwa miguu, ilipopanda farasi. Nyumba ina watu watatu. Nyuki wameambiwa kuna msiba wa nyumba, wakati wote watatu wazima. Saa chache baadaye mmoja ni maiti, na ngumini ana kitambaa cha msiba, kama aliyemnyakua mtu nguo akiwa anasukumwa. Basi aliyewaambia nyuki alijua nani atakufa, maana alikuwa anakwenda kumuua. Na Mkristo wa Sallow, hata akiwa muuaji, hawezi kuwaacha nyuki bila kuwaambia. Aliogopa hatakuwa na nafasi baadaye, akawaambia mapema.

Ilikuwa hoja nzuri. Ilikaa sawa kila upande, kama jeneza lililopimwa vizuri.

Keziah alirudi mchana, kwa njia ya mashambani. Viatu vyake vilikuwa na tope jekundu, macho yake mekundu kuliko tope. Alimkuta mzee amefunikwa shuka mezani. Akasimama, akaushika ukingo wa meza.

"Lini?" aliuliza.

"Hilo ndilo nililotaka kukuuliza wewe," alisema Silas. Alijisikia akisema hivyo kwa sauti ya kazini, wala hakuweza kuibadilisha. "Ulikuwa wapi, Kezia?"

"Nilitembea."

"Kwenda wapi?"

Keziah alitazama tope la viatu vyake.

"Wewe ndiye uliyefunga mizinga?"

"Ndiye mimi."

"Kwa ajili ya nani?"

Alimtazama. Silas alikuwa ameutazama uso ule majira mawili ya baridi, akiwa upande wa pili wa meza ya jikoni, akila mikate ya Bi. Crouch na kujidai amekuja kukagua komeo za madirisha. Aliujua uso ukicheka. Huu wa leo hakuujua.

"Silas," alisema, "usiniulize hilo leo. Niulize kesho jioni. Kesho jioni nitakwambia yote, hata usiyotaka kuyasikia."

"Kuna mtu ameuawa."

"Sikumgusa yule mzee. Nina sababu nyingi za kumchukia, na sikumgusa."

Bi. Crouch alishusha pumzi kwa nguvu. "Mama wee! Mtoto huyu hana hata akili ya kudanganya."

"Una sababu gani za kumchukia?" aliuliza Silas.

"Kesho jioni."

Alimpeleka kituoni mwenyewe, kwa miguu, mbele ya kijiji kizima. Hakumtia pingu, alijiona mwema kwa hilo. Hobday, aliyekuwa akipiga domo asubuhi, aligeuza uso akautazama ukuta. Kituo chenyewe kilikuwa chumba cha mbele chenye meza na jiko la makaa, na chumba cha nyuma chenye komeo kwa ajili ya walevi wa siku za gulio. Humo alimfungia mwanamke ambaye jina lake lilikuwa limesomwa pamoja na lake asubuhi ile ile.

Jumatatu asubuhi alimpelekea chai. Keziah hakuigusa. Alikuwa ameketi wima, kofia kichwani, glavu mkononi, kama mtu anayesubiri gari la farasi.

"Nina ombi moja," alisema. "Nipe mchana wa leo. Nitoke, niende mahali, nirudi kabla jua halijatua. Nirudi kwa miguu yangu, niingie humu, ufunge mlango. Ukitaka, tuma mtu anifuate kwa mbali, lakini asinisogelee wala asiseme na mtu. Kisha nitakueleza, na ukiona nastahili kunyongwa, mimi mwenyewe nitakufungulia lango la gereza."

"Uende wapi?"

"Hapo ndipo nashindwa kusema."

"Kezia, unanitia majaribuni. Nitamwambia nini mkuu wangu? Kwamba mshukiwa wa mauaji aliniomba ruhusa ya kutembea, nikampa kwa kuwa ana macho mazuri?"

Alijaribu kutabasamu. Kwa kawaida Keziah angemjibu, maana mzaha wa Silas hakuwahi kuuacha upite bila kuurudishia. Safari hii alishuka kitini. Alipiga magoti, mwanamke yule ambaye hata kanisani hupiga goti kwa shingo upande, akamshika Silas pindo la koti.

"Nakuomba."

Na Silas akafanya kile ambacho kwa miaka yote iliyofuata kilimjia akiwa ananyoa, akiwa anakula, akiwa amejiinamia kufunga kamba za viatu. Alikumbuka kwamba mkuu wake alikuwa amemsifu mara moja tu maishani. Akafikiri, anataka kwenda kuficha ushahidi. Akaling'oa pindo la koti mikononi mwake, polepole, kwa adabu, akatoka, akafunga.

Mchana, kengele ya kanisa la Sallow ya Juu, ng'ambo ya mashamba, ilianza kulia. Upepo ulikuwa unatoka huko, kwa hiyo ilisikika wazi. Ililia kwanza ile milio ya kusema aliyekufa ni mwanamke, ikapumzika, kisha ikaanza kuhesabu miaka ya marehemu, mlio kwa kila mwaka.

"Nani huyo wa huko?" Silas alimuuliza konstebo wake, Tuckett, aliyekuwa akichochea makaa.

"Binti wa Hask, yule mchukuzi wa mizigo. Lettice. Homa. Dada yangu alikuwa akifua naye, anasema sauti yake ilikuwa nzuri ajabu, alikuwa akiimba mpaka sabuni inasahau kutoa povu."

Kengele ikaendelea kuhesabu. Haikuchukua muda mrefu.

Silas alichungulia kwenye tundu la mlango. Keziah alikuwa amesimama, paji la uso limegusa ukuta wa upande wa Sallow ya Juu, kiganja kimebandikwa kwenye chokaa. Kila mlio mwili wake ulishtuka kidogo, kama mtu anayepigwa na kukataa kulia. Mlio wa mwisho ulipopita, aliendelea kusubiri. Alisubiri kwa muda, kana kwamba kengele ilikuwa imekosea hesabu na ingeongeza.

"Dhamira inamsuta," aliwaza Silas. Tuliwaambia mapema nani alikuwa mjinga.

Jua likiwa linaelekea kuzama, mlango wa kituo ulifunguliwa. Akaingia mwanamke wa makamo, nguo nyeusi za kuazima, ndefu kuliko yeye, kikapu mkononi. Alikuwa ametembea njia yote; tope la viatu vyake lilikuwa jekundu.

"Mimi ni Dorcas Hask," alisema. "Mume wangu mchukuzi. Nimesikia mmemfungia Kezia Orchard."

"Pole sana kwa msiba, Mama Hask. Ndiyo, yuko humu."

"Ningejua jana ningekuja jana. Lakini nilikuwa na maiti ndani, na sisi habari hutufikia zimeshachoka." Akaweka kikapu mezani, akatoa kifurushi kidogo, karatasi nyeupe iliyofungwa kwa nta nyeusi. Ilikuwa biskuti ya msiba, ile wanayopewa waliokuja kuzika. "Nimemletea hii. Kila aliyezika amepata yake. Si haki yeye aikose."

"Ni ndugu yenu?"

Mama Hask alimtazama sajini kwa muda, kama anayepima gogo kama linastahili shoka.

"Wameshafukia," alisema hatimaye. "Kaburi liko upande wa jua, karibu na mlango, pamoja na watu wa heshima. Kasisi wetu ni mtu wa kanuni. Wanaozaliwa nje ya ndoa huwaweka upande wa kaskazini, kwenye upupu. Sasa ameshamwombea, ameshamfukia, hawezi kumfukua. Kwa hiyo naweza kusema. Lettice sikumzaa mimi. Nilimlea tu. Mama yake umemfungia humo."

Makaa yalianguka ndani ya jiko. Tuckett akaacha kuchochea.

"Alimzaa katika nyumba ile ile ya Thackwell," aliendelea Mama Hask, "akiwa hajafika hata umri aliofia bintiye. Baba ni Edmund, mtoto wa mzee, aliyekwenda vitani Krimea akiahidi kurudi kuoa, likarudi jina tu. Mzee akasema: mtoto aondoke, au mama na mtoto waondoke wote. Nami nilikuwa nimezika wangu wiki ile, maziwa yananiuma. Nikamchukua. Kezia alikuwa akija Jumapili moja moja, anaitwa shangazi. Lettice alimpenda shangazi yake. Hakupata kujua."

"Jana," alisema Silas. "Jana alitoka kanisani—"

"Akaja kwangu. Mume wangu alimpa habari Jumamosi, kwenye mlango wa jikoni, akishusha magunia. Jana alimwosha mwenyewe, akamchana nywele, akamvisha. Hakumwachia mtu amguse. Alikaa naye mpaka mchana. Akaniambia, 'Kesho nitakuja kumzika, nitasimama nyuma, kama shangazi.' Nikamwekea nafasi kando yangu. Tumeichelewesha sala, kasisi ananikodolea macho, mimi natazama njia." Akaisukuma biskuti kuelekea kwake. "Mpe. Mimi sitaingia. Nikimwona nitapiga mayowe, na leo nimeshapiga ya kutosha."

Silas hakuweza kumpa Keziah biskuti ile. Bado alikuwa na kitambaa mfukoni, na mtu anayezama hushika hata unyoya. Mama ndiye, sawa. Msiba ndio, sawa. Lakini mkono wa maiti ulikuwa umeshika nini? Alikwenda kwenye nyumba ya Thackwell karibu akikimbia, akapanda ngazi kubwa, akapita chumba cha mzee, akafika mahali ambapo jana hakufika. Kulikuwa na ngazi nyembamba ya kupanda darini. Jana aliitazama akasema, mzee wa jongo hawezi kupanda hii. Hakutaka kuchafua suruali ya Jumapili.

Darini sanduku lilikuwa wazi. Harufu ya kafuri ilimpokea mlangoni kama mwenyeji. Zilikuwa nguo za msiba za mzee, alizovaa alipozika mkewe, na baadaye alipopata habari za Edmund. Koti lilikuwa limetolewa, limetandazwa juu ya kiti. Kofia ndefu ilikuwa nje ya boksi lake, na mahali pa utepe wa msiba, ule mrefu unaozungushwa kofiani na kuning'inia mgongoni, palikuwa na pini tu. Silas alitoa kitambaa mfukoni. Hata hakuhitaji kukizungusha. Hariri ile nzito, inayokwaruza vidole, haikufanana na vile vipande vya pamba vya mizingani, ambavyo Keziah alivichana kutoka kwenye sketi yake ya ndani. Mtoto angeona.

Kutoka kidirisha cha dari mizinga ilionekana yote.

Basi mzee aliiona. Aliuliza nani kafa, akauliza kama Keziah amelia, akajijibu mwenyewe. Alijua kuna mtu mmoja tu duniani ambaye Keziah angewaambia nyuki wa nyumba ile habari zake. Mtu wa nyumba, ambaye yeye mwenyewe alimtoa nje na hakupata kumtamka. Akangoja nyumba ibaki tupu, akaikokota miguu yake mibovu mpaka darini, atafute cha kumlilia mjukuu wake. Akashuka, utepe mkononi. Akateleza. Hakuna aliyemsukuma, isipokuwa kama majuto yana mikono.

Silas aliketi kwenye sakafu ya dari, kofia ya mzee mapajani, akakaa hapo mpaka Bi. Crouch alipopanda, akihema, akisimama kila ngazi kuitukana.

"Nilikusikia unalia," alisema mpishi. "Nikadhani ni paka."

Silas alimsimulia yote. Bi. Crouch alilifunga sanduku, akaketi juu yake.

"Jana mbona hukupanda huku?" aliuliza hatimaye.

"Sikudhani—"

"Kudhani ulidhani, mwanangu. Ulidhani mpaka ukafika mwisho. Ila kupanda ndiko hukupanda."

Silas aliporudi kituoni na kufungua mlango wa chumba cha nyuma, Keziah hakuinuka. Alitazama biskuti mkononi mwa Silas, karatasi nyeupe, nta nyeusi, akajua kila kitu.

"Upande gani?" aliuliza.

"Upande wa jua. Karibu na mlango."

Akatikisa kichwa kukubali. Akaipokea biskuti kwa mikono miwili, akapita kando ya Silas bila kumgusa, akashika njia ya Sallow ya Juu.

Hakimu wa vifo alikaa na wazee wa baraza katika ukumbi wa kilabu cha pombe, wakasema ni ajali, wakaagiza bia. Hakuna aliyemlaumu sajini. Mkuu wake hata alimwambia kwamba hoja ile ya nyuki ilikuwa ya werevu, ni bahati mbaya tu kwamba haikuwa kweli. Silas alisema asante, bwana.

Alimwendea Keziah mwisho wa wiki. Alimkuta bustanini, mbele ya mizinga, nguo nyeusi, safari hii nyeusi kweli na mbele ya watu wote. Hakukuwa na mvumo wowote. Mzinga mmoja ulikuwa umefunguliwa, na ndani nyuki walikuwa wamelala chini, wakavu kama makapi. Mingine ilikuwa mitupu. Mzee alikufa Jumapili, na mwenye funguo wa kuwaambia alikuwa chini ya komeo.

"Bi. Crouch hakuwaambia?" aliuliza Silas, kwa kukosa la kusema.

"Bi. Crouch anaogopa nyuki."

Alisimama akizungusha kofia mikononi. "Kezia, kesho ni Jumapili ya tatu. Kasisi ananiuliza asome au asisome."

"Unamjibu nini?"

"Nimekuja unijibu wewe. Nimekukosea. Nimesema mbele ya baraza, nitasema na kanisani ukitaka. Lakini nawe nihukumu kwa haki. Mizinga ilikuwa imefungwa. Kitambaa kilikuwa mkononi. Ulikataa kusema ulikokuwa, ukasema unamchukia. Polisi yeyote angefanya nilivyofanya."

"Polisi yeyote, ndiyo," alisema Keziah. Aliokota nyuki mmoja mkavu, akamweka kiganjani.

"Sikujua kuwa una mtoto! Tumekaa jikoni pale majira mawili, hukunidokeza."

"Ningekwambia kabla ya Jumapili ya tatu. Nilikuwa nakusanya moyo. Ulikuwa ukinichekesha sana, Silas, nami sikutaka kicheko kiishe."

Hilo lilimuumiza kuliko tusi. Na aliyeumia hushika silaha ya kwanza anayoiona.

"Na Jumatatu je? Umeona kitanzi mbele yako, bado unafunga mdomo! Nyuki uliwaambia, mimi mumeo mtarajiwa hukuniambia. Ningekuamini! Neno moja tu, Kezia, ungeniambia mimi neno moja tu, ningefungua mlango ule kwa mikono yangu."

Keziah alimlaza yule nyuki mahali pake, akafunika mzinga, akajipangusa viganja.

"Nilikwambia," alisema. "Niliposhika koti lako sikuwa namwomba sajini. Nilikuwa namwomba mume wangu, naye hakuwepo nyumbani."